Barabara ya juu ina mlipaji, mtaro wa mtaa wako hauna

Mada ya wiki hii nimeiandika vile nilivyoisema, kwa wale hawakusikia.

Kila msimu wa siasa swali linarudi: "Kama waliweza kujenga Expressway, mbona mtaro unawashinda?" Upande mmoja unajibu "wizi", mwingine unajibu "subirini". Tuliangalie swali lenyewe.

Expressway inatoka Mlolongo, inapita juu ya katikati ya jiji, inaishia Westlands kwa James Gichuru. Kilomita 27 hivi. Ujenzi ulianza 2020, na Mei 2022 magari yakaanza kupita. Pesa haikutoka kwa bajeti ya kaunti. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilileta mtaji, ikajenga, na inarudisha pesa yake kwa tozo kwa miaka 27. Gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lilianza kwa shilingi 360, na Januari 2024 ikapanda hadi 500.

Sasa njoo Kangemi au Kileleshwa mvua ikinyesha. Nani atasimama kwa mtaro akukatie risiti? Mtaro hauna geti, na bila geti hakuna mwekezaji atakayeugusa.

Huo mtaro ni wa nani basi? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: mitaro ya maji ya mvua mjini, barabara za kaunti, taa za barabarani, huduma za maji na maji taka, zote ni kazi ya kaunti. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mgombea akikuahidi kitu, uliza kwanza kama kiko kwa jedwali lake.

Kaunti inatoa pesa wapi? Moja, mgao kutoka serikali ya kitaifa. Mbili, mapato yake: parking, leseni, reti za ardhi. Kwa karibu miaka 40 Nairobi ilitoza reti kwa thamani ya ardhi iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanja cha Kileleshwa kilichokuwa na nyumba moja na bustani kikapanda gorofa, makumi ya familia kwa laini ya sewa ya zamani, na daftari halikusonga. Tatu, mkopo. Lakini Ibara ya 212 inasema kaunti haikopi bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti.

Ongeza hii: sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kwa karatasi, sawa. Mapato yakikosa kufika, mishahara haingoji. Mtaro ndio unangoja.

Kuna mtu atasema, "Basi tuweke tozo kila mahali." Tozo si dhambi, anayetumia analipa. Lakini tukiacha tozo ituchagulie cha kujenga, jiji litajengwa pale penye gari la kulipa. Anayetembea kutoka Kawangware hadi kazini Lavington hana geti la kupitia, kwa hivyo hesabuni hayupo. Kazi ya bajeti ya umma ni kumweka kwa hesabu.

Na hiyo hesabu ina tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mwelekeo wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Katiba inalitaka bunge hilo lishirikishe wananchi, lakini vikao vingi vina viti vitupu. Kelele zetu huanza mvua ikishanyesha, na wakati huo pesa zilishagawanywa.

Mara ijayo ukiahidiwa mtaro, usibishane kama mtu huyo ni mzuri ama mbaya. Muulize: uko ukurasa gani wa mpango, mwaka gani wa fedha, na unalipwa na mfuko gani? Akikosa jibu moja kati ya hayo matatu, huo mtaro bado haupo.