Aliyesimama Nyuma ya Daktari

Leo fungueni Biblia zenu katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 12, pale mtume Paulo anaponena juu ya viungo vya mwili. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, hata pengine tumeyazoea. Nataka tuyatazame kwa habari ya watoto wagonjwa na watu watatu waliowahudumia.

Zamani mtoto akizaliwa na kasoro fulani ya moyo, damu haikufika mapafuni ya kutosha. Midomo na kucha zake zilikuwa za rangi ya buluu. Akitembea hatua chache huchuchumaa, akitafuta pumzi. Wazazi walimtazama tu.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, kwenye hospitali ya Johns Hopkins, alikuwako daktari wa watoto, Bi. Helen Taussig. Siku alipotaka kusomea udaktari, Chuo Kikuu cha Harvard hakikuwapa wanawake shahada hiyo. Tena masikio yake yalikuwa mazito, naye akajifunza kuusikiliza moyo wa mtoto kwa vidole. Ndiye aliyefahamu shida ya watoto wale, akamwendea mpasuaji, Dk. Alfred Blalock, kumwuliza kama mishipa haiwezi kuunganishwa upya.

Aliyeitafuta njia ni mtu wa tatu. Vivien Thomas alikuwa mtu mweusi, fundi seremala. Aliweka akiba apate kusomea udaktari. Benki ikaanguka, akiba ikapotea yote. Wakati huo alikuwa amekwisha kuandikwa kazi, mwaka 1930, katika maabara ya Dk. Blalock, kwanza kule Nashville. Kazi yake ilikuwa ya utafiti, lakini cheo na mshahara vilikuwa vya mfagizi. Walipohamia Baltimore mwaka 1941, akipita amevaa koti jeupe watu walisimama wakimkodolea macho. Hata hivyo aliifanyia majaribio kazi ile kwa mbwa wapatao 200, akizikata na kuzinoa sindano ziwe ndogo za kutosha mshipa wa mtoto.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa msichana wa miezi 15. Dk. Blalock alimtaka Thomas asimame nyuma yake juu ya kigoda, amwongoze. Mshipa uendao mkononi uliunganishwa na ule wa mapafu. Mtoto yule alipata nafuu, ingawa alifariki miezi michache baadaye. Wa tatu, mvulana wa miaka 6, rangi yake ilibadilika palepale mezani. Kisha wakaja wengine kwa mamia.

Taarifa ilipochapishwa mwaka 1945, jina la Thomas halikuwamo. Upasuaji ukaitwa kwa majina ya wale wawili. Na kwa kuwa mshahara haukutosha, nyakati nyingine alihudumu vinywaji katika karamu za Dk. Blalock, akiwamiminia madaktari aliokuwa amewafundisha mchana. Ndugu zangu, hebu fikirini trei ile mkononi mwake!

Waliojifunza kwake ndio waliochorisha picha yake, ikatolewa hospitalini mwaka 1971. Mwaka 1976 chuo kilimpa shahada ya heshima, nayo ilikuwa ya sheria, si ya utabibu. Alifariki mwaka 1985. Siku hizi madaktari wengi huliongeza jina lake katika jina la upasuaji ule.

Mwanamke mzito wa kusikia na seremala mweusi nusura wafungiwe mlango. Wangalifungiwa kabisa, hasara isingekuwa yao peke yao. Yule mvulana wa miaka 6 angalibaki na midomo ya buluu.

Nasi tunapochanga harambee mtoto wa jirani akapasuliwe, tunamwombea daktari kwa jina. Ni vyema. Lakini anayechemsha vyombo, na yule muuguzi akeshaye kando ya kitanda, nani anawajua? Na binti yetu apendaye hesabu, karo ikipungua, ni nani anayerudishwa nyumbani kwanza?

Ninyi wazee mnaokaa katika halmashauri za hospitali za makanisa yetu, mtakapokutana mwezi huu, ombeni kuletewa kitabu cha mishahara. Kisomeni jina kwa jina, kisha mwulize ni nani anayefanya kazi ya fundi huku akilipwa ya mfagizi.