Mzee wa Ber-gi-dala Aliishi Lini?

Msikilizaji, ndani ya Makumbusho ya Kisumu kuna boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala. Mwenye boma hajawahi kuwepo. Amebuniwa, yeye na wake zake watatu na kijana wake mkubwa. Nyumba, lakini, zimejengwa kwa ukubwa wake kamili: ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango, simba, yaani nyumba ya kijana, iko huko chini. Paa ni nyasi tupu. Bati hulioni.

Sasa, mzee huyu aliishi mwaka gani? Utaambiwa zamani. Zamani ipi? Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980. Ajuza wa miaka themanini wakati huo alizaliwa 1900 hivi, reli ikiwa bado haijafika hapa Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence; ilifika 1901. Yeye ndiye angeweza kusema ghala lilikaa wapi na nani alipitia mlango gani. Kwa enzi za kabla yake hapakuwa na wa kuulizwa. Thimlich Ohinga kule Migori ina kuta za mawe zenye karne kadhaa, na UNESCO iliiorodhesha 2018, lakini mawe hayasemi nani alilala wapi. Kwa hiyo nadhani enzi ya boma letu iliamuliwa na mashahidi waliokuwa hai.

Swali la enzi linatuhusu hata sisi: mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom aliandika kwamba huenda vizazi vijavyo vitaiga maisha ya wahenga wao ndani ya kompyuta, na huenda sisi ndio tunaoigwa. Watu huuliza, mbona waige enzi hii yenye msongamano wa bodaboda? Mimi sioni ajabu. Siku hizi hata omena ya shilingi hamsini inalipiwa kwa simu na kuacha rekodi. Mwigaji hufuata penye ushahidi.

Kama ningepewa kiwanja kando ya Ber-gi-dala, ningejenga Kisumu ya 1976: Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika, meli ya Victoria, iliyounganishwa papa hapa bandarini, bado inakwenda Mwanza na Bukoba, samaki mbuta hajalitawala ziwa, wala gugumaji halijaingia. Mashahidi wake wapo: aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo sasa ana miaka kama sabini. Ikiwa ni wewe, pigia studio: nauli ya Mwanza ilikuwa shilingi ngapi, na chakula cha njiani mlikula nini?