Presha ya Wazee Isisubiri Kiharusi

Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa kiharusi mjini kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kijijini. Chanzo chake kikuu kinajulikana: shinikizo la juu la damu, yaani presha.

Presha mara nyingi haiumi. Babu anaamka vizuri, anakwenda shamba, huku mishipa ya ubongo ikichakaa. Akipewa dawa, anameza wiki mbili, anajisikia mzima, anaacha. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya presha humezwa kila siku hata mwili ukiwa na nguvu, na wa kuibadilisha ni daktari. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, tusianze kumtafuta aliyeroga. Mzee akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze.

Tunaopiga simu nyumbani, tuulize: mama, umepima presha lini? Na serikali ihakikishe kila zahanati ina kipimo kizima na dawa zisizokatika, maana elimu bila dawa haitamwokoa mzee wetu.