WALIMU WAPYA WA WAUGUZI: TUWAPOKEE, NA TUWAAMBIE UKWELI

Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama



Nimepewa kazi ya kuwakaribisha walimu wanne wapya wa idara ya uuguzi. Majina yao Mwenyekiti amekwisha kuyasoma, nanyi mmewapigia makofi, basi sitayarudia. Nitasema ni watu wa kazi gani, na sisi twawahitaji kwa nini.

Wa kwanza ni mkunga, amezalisha akina mama katika hospitali za mashambani. Wa pili ametoka wodi ya watoto. Wa tatu alikuwa chumba cha upasuaji. Wa nne amefanya kazi ya afya vijijini, akienda nyumba kwa nyumba. Wote wanne wameandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na wote walishika sindano kabla ya kushika chaki. Hawa si watu wa vitabu tu. Ni wafanyakazi kama sisi.

Najua wako kati yenu wanaouliza: mpishi, dereva na dobi wana haja gani na mwalimu wa wauguzi? Nitawajibu. Siku mke wako au binti yako atakapoingia wodi ya uzazi saa nane za usiku, mtu atakayekuwa karibu naye huenda akawa kijana aliyemaliza chuo juzi. Maisha ya watu wako yatakuwa mikononi mwake, na mikono hiyo imefundishwa na mtu.

Fikirini mtoto anayezaliwa asipumue. Sharti akaushwe na kusuguliwa mgongo upesi, na asipolia, apuliziwe hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika moja! Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Na mama naye, mtoto akiisha kutoka, achomwe sindano ya oksitosini, vipimo 10, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Damu ikipita nusu lita, hiyo ni hatari. Kusoma maneno haya ni rahisi. Kuyafanya usiku, taa hafifu, mama analia, jamaa wanagonga mlango, kwataka mikono iliyozoea. Na mikono huzoea kwa kufanya mara nyingi, kwanza juu ya sanamu ya kufundishia, kisha kando ya mgonjwa, mwalimu akiwa amesimama hapo hapo.

Vivyo hivyo dawa. Mwanafunzi hufundishwa mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe ndicho, njia iwe ndiyo, na saa iwe ndiyo. Matano tu, lakini likikosekana moja, mtu aweza kufa.

Sasa, walimu wetu, ninyi mmefika leo, na mgeni si vizuri kufichwa hali ya nyumba. Nitawaambia ukweli.

Mafunzo ya kazi za afya katika vyuo vya serikali nchini mwetu yalianza mwaka 1927. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, na matawi yake yameenea katika kaunti nyingi. Lakini mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya 2010, hospitali nyingi zilikwenda chini ya serikali za kaunti. Chuo kilibaki chini ya serikali kuu. Basi mwalimu ana tajiri wake, na sista wa wodi ana tajiri wake mwingine. Mwanafunzi amesimama katikati, naye ndiye anayelipa karo.

Matokeo yake twayaona kila asubuhi. Mwanafunzi aingia wodi iliyojaa, wauguzi ni wawili. Mwalimu wake yuko darasani na darasa jingine. Sista wa wodi hana nafasi ya kufundisha, maana wagonjwa wamngoja. Basi kijana atumwa kupeleka damu maabara, kusukuma machela, kutandika vitanda. Kazi hizi zote ni za heshima, wala hatuzidharau. Lakini akizifanya peke yake wiki nzima, jioni ya Ijumaa atakuja na kitabu chake cha mazoezi na kuomba sahihi kwamba amejifunza kuzalisha. Na sahihi yapatikana. Ndugu zangu, sahihi ya namna hiyo ni deni, na atakayelilipa ni mama tusiyemjua.

Jambo hili si la kwetu tu, wala si jipya. Florence Nightingale alipofungua shule yake ya wauguzi London mwaka 1860, aliiweka ndani ya hospitali ya St Thomas', kwa sababu alijua kwamba uuguzi hufundishwa kando ya kitanda. Lakini tangu siku hizo hospitali nyingi za dunia zimewafanya wanafunzi kuwa mikono ya bei rahisi. Mwanafunzi akifanya kazi ya mfanyakazi bila mshahara, mwenye hospitali haoni haja ya kuandika wafanyakazi wengine. Hapo hudhulumiwa watu watatu kwa mpigo mmoja: mwanafunzi, mfanyakazi na mgonjwa.

Wakubwa husema nchi yahitaji wauguzi wengi. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi karibu milioni 5.9. Mwaka 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili wauguzi wetu waende kufanya kazi huko. Hatumzuii mtu kutafuta riziki. Twasema hivi: kuongeza wanafunzi bila kuongeza walimu ni kuongeza maji katika uji. Sufuria yajaa, lakini mtoto hashibi.

Kwa hiyo, walimu wetu, twawaomba mambo matatu.

La kwanza, ingieni wodini. Msingoje kuitwa. Wanafunzi wakiwaona huko, watajua kwamba kazi ya huko ina thamani.

La pili, msitie sahihi jambo ambalo hamkuliona. Mkilazimishwa, mje kwa tawi. Hamtasimama peke yenu.

La tatu, jiungeni na chama. Kifungu cha 41 cha Katiba chatoa haki hiyo kwa kila mfanyakazi, na mwalimu ni mfanyakazi. Kumbukeni mwaka 2017. Wauguzi wa hospitali za umma waligoma kutoka tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba. Miezi mitano wodi zilikuwa tupu, na mwanafunzi hawezi kujifunza kando ya kitanda kisicho na mgonjwa. Mwalimu asidhani kwamba shida ya muuguzi wa wodi ni ya upande wa pili wa ukuta.

Nanyi wanachama wa zamani, msiwaache wageni hawa wapotee. Sista wa wodi, mwoneshe mwalimu mahali vyombo vinapowekwa, na umpe pembe ya kufundishia. Mhudumu, usimtume mwanafunzi kazi yako wakati mwalimu yuko naye. Dereva, siku ya kwenda vijijini gari liwe tayari mapema, maana akina mama wa kliniki hawangoji hadi jua liwe kali.

Halmashauri ya tawi imeleta azimio moja mbele yenu. Lasema kwamba matajiri wote wawili, chuo na kaunti, waketi meza moja nasi, waandike mapatano: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja wodini, nani anayewafundisha usiku, na kwamba mwanafunzi asihesabiwe katika idadi ya wafanyakazi wa zamu. Hatuombi fedha katika azimio hili. Twaomba maandishi, ili kesho asiwepo wa kusema hakujua.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimu wetu, katika nyumba hii ya wagonjwa maneno hayo si ya mapambo. Karibuni kazini.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba azimio lipigiwe kura.