Askari Aliyedai Mshahara Wake



Wajerumani walipoanzisha Kigali mwaka 1907 chini ya Richard Kandt, walikuja na askari, makarani na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fat'h, ambao wengi wenu mnaswali humo hadi leo. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Mei 1916 askari wa kamanda wa Kijerumani, Kapteni Max Wintgens, waliondoka Rwanda wakirudi nyuma kuelekea Tabora, na tarehe 6 mwezi huo Wabelgiji wakaingia Kigali. Watawala wapya waliwatengea Waswahili mtaa wao, na kwa miaka mingi kutoka humo kulihitaji kibali.

Askari wa kawaida wa vita vile aliishi vipi baadaye? Maisha ya makamanda tunayasoma vitabuni. Ya askari wa miguu, aliyebeba bunduki kwa miaka minne na mshahara usiolipwa, hatuyapati kwa urahisi. Ndiyo maana leo nawaletea mmoja ambaye habari zake zimebaki: Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita vilipoanza alikuwa na umri wa miaka 10, naye akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kusini mwa Tanganyika, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile, akatekwa na Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa mhudumu wa meli, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake na wa baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa, muda wa madai umepita. Naomba tulitazame jibu hilo vizuri. Mtoto aliyejeruhiwa akiwa chini ya bendera yao aliambiwa kosa ni lake, kwa kuwa hakufika dirishani mapema!

Alibaki huko. Akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Mjerumani mwaka 1933. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mwasisi wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, na mwaka huohuo akakamatwa na utawala wa Nazi kwa kuhusiana na mwanamke mweupe. Alifungwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst ameweza kuandika maisha yake kwa sababu kila ofisi iliyomkatalia ilihifadhi barua. Jambo hilo linanichoma. Dhuluma aliyotendewa ilikuwa na faili, na faili hilo ndilo limemtunza. Askari aliyerudi kimyakimya, akafungua duka au akashona nguo, akaozesha mabinti zake, hakubishana na ofisi yoyote, kwa hiyo hana faili. Lakini ana wajukuu, na baadhi yao huenda wamo humu ukumbini.

Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa baadhi ya askari wazee waliokuwa bado hai Tanganyika. Waliokwisha kufa hawakupata kitu, na wajukuu wao hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba babu alidai.

Basi ombi langu ni hili. Kama kuna sanduku nyumbani lenye cheti cha jeshi, picha, kibali cha safari au barua ya mahakama, msilichome wala kulitupa mnapohama. Leteni karatasi hizo zinakiliwe, kisha mrudi nazo nyumbani. Na aliye na bibi anayekumbuka maneno ya baba yake kuhusu vita, amrekodi kwa simu, kwa Kiswahili au Kinyarwanda, wiki hii.