Filamu Kavu ya Eksirei na Ziwa Letu

Ndugu wakazi wa Buzuruga,

Zamani picha ya eksirei ilisafishwa katika chumba cha giza kwa dawa kali na maji mengi. Maji hayo yalibeba madini ya fedha na sumu nyingine; yasiposafishwa, hatima yake ni Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kunywa na kuvua sato.

Filamu kavu haihitaji dawa hizo, kwani mashine huichora picha kwa joto. Ubora wake humwezesha daktari kuona hata ufa mwembamba wa mfupa, mradi mashine itunzwe. Lakini joto hilohilo huweza kuiharibu. Ikiachwa juani, garini au darini chini ya bati, filamu hiyo huendelea kuwa nyeusi, na alama ndogo kwenye pafu hufichika. Mgonjwa wa kifua anayerudi baada ya miezi sita hukosa picha ya kulinganishwa na mpya. Nani atajua kama anapona?

Basi iwekeni ndani ya bahasha, mahali pasipo joto, bila kuikunja. Wala ukavu wake usitudanganye: bado ni plastiki, na filamu nyingi za aina hii zina madini ya fedha. Msiichome pamoja na taka, msiitupe mtaroni. Msipoihitaji tena, ulizeni kituo cha afya namna ya kuirejesha. Tena, jina la mgonjwa limeandikwa pembeni. Si vema liokotwe jalalani.