Mji na Watu Wake Wasio na Pa Kulala

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu, akaongeza, "lakini isiwe ripoti." Nitajitahidi, ingawa mtumishi wa Serikali aliyekaa ofisini karibu miaka ishirini hana lugha nyingine. Kazi yangu ni mipango miji, na jambo nililochagua ni hili: mji hufanya nini ili watu wake wasilale nje?

Tukisikia mtu asiye na makazi tunamfikiria mtoto wa stendi, au mzee anayelala barazani kwa watu. Hao wapo, nao wana haki ya kufikiriwa. Lakini katika miji yetu wengi hawakuanzia barazani. Walikuwa na chumba, wakakipoteza. Kwa hiyo mji unaotaka kupunguza watu wa barazani lazima kwanza ujue nani analala katika vyumba vyake, na hapo ndipo tumekosea mara nyingi, mimi nikiwamo.

Mwaka 2007, nikiwa bado mgeni kazini, nilitumwa katika mji mmoja ambao sitautaja, kuorodhesha nyumba zilizotakiwa kupisha barabara. Mnaijua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Mkononi nilikuwa na fomu. Fomu iliuliza jina la mwenye nyumba, ukubwa wa kiwanja, aina ya ukuta, aina ya paa, na idadi ya miti. Ndiyo, miti. Mnazi ulikuwa na safu yake. Mpangaji hakuwa nayo.

Katika nyumba moja, mama aliyekuwa akikaanga maandazi uani alinipa kigoda nikaandikia pale pale. Fidia ikaja kulipwa, kihalali kabisa, kwa mwenye nyumba aliyeishi mtaa mwingine. Nyumba ikavunjwa. Ilipofika masika nilipita sokoni jioni moja, nikamkuta mama yule na watoto wake wawili wametandika chini ya meza za wauza mboga. Nikamwamkia. Akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, ulikalia kigoda changu ukaandika mchana kutwa. Kumbe mimi hukuniandika."

Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita mbele, akakaa miwili. Ya miezi minne hakurudishiwa, na kila alikokwenda kutafuta chumba alidaiwa tena miezi sita kwa mkupuo. Hakuwa mtu wa kushindwa kodi ya mwezi. Maandazi yake yaliweza kumlipia chumba. Kilichomshinda ni miezi sita kwa siku moja. Vijana, lishikeni jambo hilo, maana katika vitabu nilivyosoma Chuo Kikuu sikulikuta.

Sasa niwapeleke Dar es Salaam, mji ambao majaribio yake yameandikwa vizuri na sote tunaweza kujifunza kwayo. Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 270,000 mjini humo. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa mzima. Katika miaka ya sitini njia iliyofuatwa ilikuwa kuvunja. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, liliondoa nyumba za udongo na makuti, Magomeni ikiwa mojawapo, na kujenga nyumba bora mahali pake. Nia ilikuwa njema. Lakini ukivunja moja na kujenga moja, idadi inabaki ile ile, na fedha imekwisha.

Mwaka 1972 Serikali ikageuza msimamo: makazi yaliyojengwa bila mpango yasivunjwe ovyo, bali yapelekewe maji na barabara. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974, Manzese ikaboreshwa, na viwanja vyenye huduma vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa busara kuliko mwingi uliofuata. Hata hivyo viwanja vya Sinza, vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini, vingi viliishia mikononi mwa wenye kipato kizuri zaidi. Ukaja mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, Kibada, Tuangoma, Bunju na kwingineko pembezoni. Ulifanikiwa kwa upimaji, tena ukavuka lengo. Lakini kiwanja kilinunuliwa, na mpangaji wa chumba kimoja hakuwa na cha kununulia. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini. Baadhi walirudi bondeni. Watu waliwacheka. Mimi sikucheka: anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kulala Mabwepande akala.

Mfano ninaoupenda ni kota za Magomeni. Wakazi wale hawakuwa na ardhi wala hati. Walikuwa wapangaji tu. Waliondolewa, nyumba zikavunjwa, nao wakahangaika miaka karibu kumi, na wengine walifariki wakingoja. Muda huo ni aibu, wala sitaupamba. Lakini orodha ya kaya 644 haikupotea. Wakala wa Majengo alijenga maghorofa pale pale, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyafungua, wapangaji wale wakarudi mahali walipotoka, karibu na kazi na shule zao. Wangapi wangerudi kama majina yao yasingeandikwa?

Wazee wenzangu mnakumbuka kiranja wa bweni na taa yake ya mkono. Hakuhesabu vitanda, alihesabu vichwa. Sensa nayo hufanya hivyo: mwaka 2022 iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na waliolala stendi nao wakahesabiwa. Kuhesabu tunajua, basi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wake wanajua ni nani yuko chumba cha pili kushoto, na kodi yake inaisha lini. Tatizo ni kwamba daftari lao halifiki mezani kwa mthamini.

Katika fomu tunayotumia sasa ofisini kwangu nimeongeza safu moja: kila anayelala chumbani, na kodi aliyokwisha kulipa mbele. Haina nguvu ya sheria. Mara mbili imetuwezesha kumwita mwenye nyumba na kumtaka arudishe kodi mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla nyumba haijavunjwa, na mara mbili alirudisha. Mara nyingine mkubwa huniuliza safu hii ni ya nini, na italipwa kutoka fungu gani. Jibu la fungu bado ninalitafuta.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele imeshikwa. Niko tayari kwa maswali, na naomba yaanze kwa vijana.